Arosto Isiyo na Saa

Zamani ilikuja kwa saa, kama mpangaji mwaminifu:
saa kumi na moja alfajiri, kabla ya buti;
saa nne, king'ora cha mapumziko;
saa saba, baada ya mkate na jibini;
na ile ya usiku, mlango wa nyuma, mvua ya Welisi
ikipiga pipa la taka, nami nimejikunyata
chini ya kipaa cha bati, nikilinda cheche kwa kiganja.
Ilibisha, ikalipwa, ikaondoka.
Miaka thelathini na mmoja niliijua hivyo.
Ilikuwa na adabu zake.
Ilijua kwamba sigara ina mwisho,
kwamba moto ukifika kichungini vidole huungua
na mtu hurudi kazini.

Heledd, binti yangu, ndiye aliyeniletea hiki kidude
siku niliyokohoa hadi chai ikanimwagikia mapajani.
Cha samawati, taa ndogo kitakoni,
maji yake yananukia tikiti lisilowahi kuota popote.
"Vuta hiki, baba. Angalau hakina lami."
Nikavuta. Nikangoja koo likwaruzwe.
Ilikuwa kama kupewa mkono na mtu aliyevaa glavu.

Juma la kwanza, damu ilipata chake, haikulalamika.
Mkono ndio uliolia.
Kidole gumba kilisugua hewa kikitafuta gurudumu la kiberiti.
Mfuko wa shati ulikuwa mwepesi mno,
nikawa naupapasa kama msafiri aliyepoteza pasi.
Kumbe nilikuwa na kiu mbili katika gilasi moja,
ya sumu na ya moto,
na kidude kilinywesha moja tu.

Jino la pembe si dawa ya pengo.
Kweli. Ila mkate laini unatafunika nalo.

Mwezi wa tatu nikagundua
arosto imevua viatu.
Haipigi hodi tena; imehamia ndani,
ndogo, kama bomba linalovuja
tone,
tone,
jikoni mwa nyumba ambamo wote wamelala.
Hakuna kipisi. Hakuna mwisho.
Nilivuta nikingoja birika, nikavuta nikitafuta miwani,
nikavuta chooni, nikavuta kwenye taa nyekundu,
siku moja nikavuta huku nikikitafuta
kidude chenyewe, kimo mkononi.
Usiku kikilala chini ya mto, taa yake ikipepesa
kama mtoto anayejifanya amesinzia.
Ile ya zamani ilikuwa mbwa: anabweka, unamtupia mfupa.
Hii ni paka. Haombi. Anakukalia mapajani,
na siku unapotaka kusimama ndipo unajua uzito wake.

Kiwandani nako walizima tanuri la makaa.
La umeme linakuja, wanasema, safi, halina moshi.
Tulisimama getini, mimi na Gwilym na Emrys Pugh,
tukitazama dohani refu lisilotoa kitu,
na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwomba mwenzake moto.
Kila mtu alikuwa na wake mfukoni, umechajiwa.
Hilo sikulitarajia: kwamba ningetamani,
si moshi, bali mkono wa Gwilym
ukikinga upepo mbele ya uso wangu.

Nilianza na maji ya nguvu kumi na nane. Sasa ni tatu.
Napanda kilima cha makaburi bila kupumzika katikati.
Juzi, karibu na ukuta wa juu, pua ikanasa
harufu ya vitunguu mwitu, mibichi, yenye ukali,
ile ambayo Nesta aliisifu kila mwisho wa baridi
nami nikamwitikia "naam, naam"
miaka yote hiyo, bila kuinusa.
Nikasimama.
Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, kama desturi.
Nikaanza kuhesabu, pumzi moja, pumzi mbili,
nikafika arobaini,
na tone lililofuata halikudondoka.

Baadaye lilidondoka, bila shaka. Mimi si mtakatifu.
Lakini lilichelewa hadi getini.